Bamba Nililolisugua

Ukwaju hunitia hasira. Wenzangu wakiunusa hudondokwa na mate, wakakumbuka viazi vya karai na chatini. Mimi hupandwa na mori. Nimewahi kutoka kwenye sherehe ya watu nikasimama uani peke yangu kwa sababu mtu alikuwa akikamua ukwaju jikoni, na mume wangu akafikiri nimegombana na mwenye nyumba.

Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Sparkbrook, Birmingham, kwa Baba, namfungia vitu vyake kwenye maboksi. Ngazi zimemshinda, na baada ya miaka miwili ya ubishi amekubali kuja kukaa kwangu. Katika droo ya chini kabisa, chini ya kanzu zake na mashuka ya marehemu Mama, nikatoa bahasha ngumu ya kahawia. Ndani mlikuwa na karatasi moja nene yenye picha ya magofu ya Roma, wino mweusi juu ya weupe uliokwisha kuwa rangi ya chai, na mvua kubwa ikinyesha kila mahali. Nilikaa kitandani ghafla. Mchoraji wa picha ile hakuchora mvua. Mvua niliitia mimi, nikiwa na miaka tisa, kwa mchanga, ukwaju na makumbi ya nazi.

Nitaanza na Baba, maana nusu ya hasira hii ni yake. Mombasa alikuwa fundi wa nakshi. Alichonga masinia ya maharusi, vyetezo, vipini vya majambia, kazi ambayo watu waliifuata kutoka Malindi. Alipohamia Birmingham, Uingereza, akapata kazi mtaa wa Hockley, kwenye karakana ya Bwana Mohinder, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu ambaye siku ya kwanza tu alimsikia Baba akipiga chafya na kusema "Alhamdulillahi" kwa lafudhi ya pwani, akaruka kutoka kitini. "Wewe mtu ya Mombasa! Karibu, karibu! Hapa iko kazi." Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga majina kwenye vikombe vya michezo vya shule na kwenye vibati vya shingo za mbwa. Mtu aliyechonga aya kwa mkono bila kupiga mstari, sasa anachonga majina ya mbwa! Hakulalamika. Tukiwa mezani alikuwa akitutajia tu: "Leo nimechonga Princess watatu na Rambo mmoja."

Lakini nyuma ya karakana ile kulikuwa na mashine ya kuchapia picha, chuma kitupu, yenye gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mikono miwili. Bwana Mohinder aliinunua pamoja na jengo na hakuijua. Baba akaijua. Kila saa ya mapumziko alikuwa nayo, anaharibu karatasi, anajaribu tena, mpaka akaanza kutoa picha safi. Na ukutani, juu ya mashine, palibandikwa picha za zamani za magofu ya Roma ambazo mtu wa kale aliziacha hapo. Jumamosi nyingine Baba alinichukua, nikakaa juu ya kigoda nikizitazama.

Alinieleza nami nikasikiliza, maana Baba akieleza kazi ya mikono hubadilika akawa kijana. Zamani wachoraji wa Ulaya walisafiri kwenda Roma, wengine kwa miguu, wakakaa juani mbele ya majumba yaliyoanguka wakachora. Kisha huchukua bamba la shaba, hulipaka nta, huchora kwa sindano juu ya ile nta, halafu hulitia kwenye tindikali. Tindikali huila shaba pale tu sindano ilipopita. Ukipaka wino ukaupangusa, wino hubaki ndani ya mistari, na mashine huukamua ukaingia kwenye karatasi. Matajiri waliofika Roma walinunua zile picha wakarudi nazo makwao waonyeshe kuwa walifika. "Kwa hiyo bamba," alisema Baba, "ni kama uso wa mtu. Likikwaruzwa kidogo tu, karatasi itasema."

Mimi nilikuwa na mambo yangu katika picha zile. Ilikuwapo moja yenye nguzo tatu, tao lililozama ardhini hadi kiunoni, mti umeota juu ya paa, nguo zimeanikwa kati ya nguzo, na mbuzi. Pembeni amesimama bwana mmoja mwenye kofia, ameelekeza kidole juu. Nilimjua mara moja. Alikuwa mkaguzi wa nyumba. Kwetu alikuja mmoja vile vile, katumwa na mwenye nyumba, akasimama sebuleni na kofia yake, akaelekeza kidole kwenye ukungu uliokuwa ukipanda ukutani, akaandika kitu, akaenda zake. Ukungu ukabaki. Nikaona hawa wa Roma nao ni wapangaji kama sisi, wanangoja kukarabatiwa. Nikawaonea huruma, na nikawalaumu pia. Mama yangu, mkaguzi akija, alikuwa akisugua ukuta tangu asubuhi ili tusionekane watu wachafu. Wao mti umeota juu ya paa na hakuna hata mmoja aliyeinua panga!

"Baba, huyu anaonyesha nini?" nilimwuliza.

"Anawaonyesha wenzake kuwa hapa palikuwa na kitu."

"Watatengeneza lini?"

Baba akacheka mpaka akaweka kitambaa chini. Hakunijibu. Watu wazima wakishacheka huona wamejibu.

Sasa Bibi. Bibi ni mama mzazi wa Baba, aliletwa kutoka Mombasa nilipokuwa na miaka saba. Alishuka na sanduku lenye masinia matatu ya shaba na birika la kunawia, na hana sweta hata moja. Kwa Bibi heshima ya nyumba ilisomwa kwenye shaba yake. "Shaba yenye weusi ni aibu ya wanawake wa nyumba," alisema, na kila Idd ikikaribia kila kilichokuwa shaba kilisuguliwa kwa ukwaju na mchanga mpaka ukajiona meno ndani yake. Ukwaju na nazi alivipata kwenye maduka ya Ladypool Road. Mchanga aliuchota kwa kikombe kwenye lundo la mafundi waliokuwa wakijenga ukuta wa jirani, akiwaamkia kwanza kwa Kiswahili, nao wakampungia mkono.

Kwa bahati mbaya Bibi hakuishia kwenye shaba. Mama alikuwa na kikaango kipya, kile chenye weusi ndani ili chakula kisigande. Bibi akauona ule weusi. Lo! Masizi mpaka ndani ya chombo, na mke wa mwanawe anapikia! Mama aliporudi kutoka kiwandani Saltley, alikofungasha vipuri tangu alfajiri, alikabidhiwa kikaango kinachong'aa kama mwezi. "Nimekutakatishia, mwanangu," Bibi akamwambia kwa mapenzi kabisa. Mama alikaa kwenye kiti na koti lake bado mwilini. Akanunua kingine. Baada ya mwezi nacho kikatakata.

Cha pili nilikisugua mimi. Siri hii tuliijua wawili tu. Baridi yabisi ilikuwa imemshika Bibi mikono, vidole vimejikunja, hata tambaa hakuweza kulikamua. Lakini amwambie Mama kuwa hawezi tena kazi ya nyumba? Thubutu! Kwa hiyo Mama akiwa kazini mimi nilisimama juu ya stuli mbele ya sinki, naye kakaa nyuma yangu akiniongoza. "Zungusha. Usilibembeleze, mwanangu, lisugue. Hapo pembeni umepaacha." Mimi nina mkono wa shoto. Kula alinilazimisha nile kwa kulia, na kupokea kitu hivyo hivyo, nikisahau napigwa kijiko cha vidole. Ila kusugua aliniachia. "Uchafu upewe mkono wa uchafu," alisema, tukacheka sote.

Kikaango cha pili Mama hakukinyamazia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikamsikia jikoni akimwambia Baba: "Mama yako nampenda na Mungu anajua. Lakini mimi nimechoka. Chombo kimoja tena kikiharibika katika nyumba hii, kimoja tu, atakwenda kwa dada yako Leicester. Huko nyumba ni kubwa na kuna mashine ya kuoshea." Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na Bibi alikuwa humo kwenye mswala wake. Alikwisha toa salamu, lakini hakuinuka kwa muda mrefu.

Basi katika wiki hizo hizo ndipo likaja bamba. Mama mmoja mzee wa Kiingereza alilirithi, bamba la shaba lililochorwa na msafiri wa zamani ambaye hata jina lake halikujulikana, akataka achapiwe nakala chache awagawie wajukuu. Baba alipolifungua karakanani akaona ni zile zile nguzo tatu, tao, mti na bwana mwenye kofia. Picha ya ukutani ilitoka kwenye bamba hili, au kwenye pacha lake. Bwana Mohinder akamshika bega. "Wewe fanya hii moja vizuri, basi mashine iko yako. Vikombe na mbwa nitapa mtu ingine." Baba alitusimulia maneno hayo mezani mara tatu, na mara ya tatu Mama akamwambia chakula kinapoa.

Mistari ya bamba ilikuwa imeziba wino mkavu wa miaka na miaka. Ilitakiwa kulainishwa kwa mafuta, polepole, siku kadhaa, mahali penye joto, halafu kupanguswa kwa kitambaa laini. Karakana ilikuwa na baridi ya kuua. Kwa hiyo Baba akalileta nyumbani, kalizungushia kitambaa, akaliweka kwenye kabati la bomba la maji moto. Na nani asiyejua kwamba kabati lile ndimo Bibi alimoweka masinia yake? Nauliza mpaka leo. Mtu na akili zake, analiweka bamba la watu kati ya masinia, siku tatu kabla ya Idd, katika nyumba yenye Bibi!

Jumapili ile kabla ya Idd Baba alinikalisha mezani akachonga jina langu kwenye kiazi. Nilipoona ile herufi ya kwanza ya ZUHURA imegeukia upande wa pili nilimwambia amekosea. Akapaka wino, akagandamiza kwenye karatasi, jina likasomeka sawasawa. "Kitu cha kuchapa husema kinyume," akanieleza. "Kulia kwake ni kushoto kwako. Fundi wa kuchapa lazima akili yake ikae kwenye kioo." Nilichapa jina langu kwenye kila karatasi ya nyumba, na kwenye ukuta wa choo.

Siku ya kuamkia Idd, Baba alikuwa Hockley, Mama yuko Saltley. Asubuhi nilisugua masinia matatu na birika. Baada ya adhuhuri Bibi akajilaza sebuleni, nami nikarudisha vyombo kabatini. Nikakiona kile kitambaa. Nikakifungua. Shaba! Nyeusi ti, inanata mafuta, na ndani yake, nilipoigeuza kwenye mwanga, wale wapangaji wangu wa Roma na uchafu wao wote. Nilijua ni kitu cha Baba, siwadanganyi. Nilijua anakipenda na kwamba kila jioni anakifungua, anakitazama, anashusha pumzi. Nikafikiri anasikitika kwa weusi ule. Nikafikiri kesho ni Idd, na kila shaba ya nyumba hii imetakata isipokuwa yake. Na kule ndani kabisa nikafikiri kuwa nikiutoa weusi huu, nyumba zile nazo zitakuwa safi, na bwana mwenye kofia hatakuwa na kitu cha kuelekezea kidole.

Bamba lilikuwa refu, likakaa kwa urefu wake kwenye ubao wa sinki. Nililimwagia ukwaju. Nikatia mchanga. Nikashika makumbi kwa mkono wangu wa uchafu, nikasugua, si kwa kubembeleza. Nilisugua mpaka bega likauma. Anga lote likang'aa. Lo, jinsi lilivyong'aa! Nililisuuza, nikalifuta, nikalizungushia kitambaa kipya cha jikoni chenye maua, nikalirudisha, nikakaa kungoja kusifiwa.

Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja kabatini, hata koti hajavua. Mama alikuwa anakata vitunguu vya pilau ya kesho, Bibi yuko kitini karibu na mlango, na mimi mezani natia rangi kadi ya Idd. Baba akakifungua kile kitambaa cha maua. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejigonga kidole mguuni. Akalipeleka bamba dirishani, akaliinamisha huku na huku kwenye mwanga, muda mrefu. Kisha akageuka akanitazama, mimi na penseli yangu ya rangi mkononi.

"Nani?" aliuliza.

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini nilikuwa nimeuona uso wa Mama, kisu kimesimama juu ya kitunguu, na uso wake haukumtazama Baba wala mimi. Ulimtazama Bibi. Nikakumbuka ngazi, nikakumbuka "chombo kimoja tena", kinywa kikabaki wazi.

"Ni mimi," akasema Bibi.

"Mama..." Baba akaanza.

"Nimesema ni mimi. Nimeona shaba imechafuka, nimeisugua. Kwani hapa hapasuguliwi?" Alisema kwa ukali wa kujitafutia ugomvi, na mikono yake ameificha ndani ya leso. Mama akaweka kisu chini. Baba aliinama kuokota kitambaa, akapita karibu na kiti cha Bibi, na Bibi akamshika mkono akamnong'oneza kitu ambacho sikukisikia. Basi. Likaisha hapo. Siku ya Idd tulikula pilau, na mimi nikaila.

Bamba lilirudishwa kwa mwenyewe. Bwana Mohinder hakumfukuza Baba, alimwambia tu kwa huzuni, "Rafiki, mimi iko sikitika sana, lakini hii si kitu yangu," na mashine ikafunikwa turubai. Baba akarudi kwenye vikombe na mbwa. Wiki iliyofuata yeye na mimi tulimsindikiza Bibi kwenye kituo cha mabasi ya mbali. Alikuwa na mfuko mmoja. Masinia aliyaacha. "Leicester wana mashine. Haya ya Zuhura," alisema. Nilikuwa nimejiapiza kuwa kituoni nitasema. Basi likawasha moto, nikawa bado natafuta pa kuanzia, likaenda.

Nilikwenda kumwona mara kadhaa. Kila nikianza, "Bibi, ile siku ya bamba," alinitia kipande cha halua mdomoni. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Kula." Msemo huu nauchukia. Wanaousema ni wale wasioumwa! Mimi yalikuwa ndwele, yalinikaa hapa kifuani, na kila nikitaka kuyatoa najaziwa halua. Alifariki huko huko Leicester nilipokuwa katikati ya sekondari. Msibani mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika mashavu: "Wewe ndiye Zuhura? Bibi yako alikuwa akikusifu, ati hakuna mkono unaotakatisha shaba kama wako." Nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Basi hiyo ndiyo picha niliyoikuta drooni. Kabla ya kulirudisha bamba kwa mwenyewe, Baba alilipitisha kwenye mashine mara moja, akaiweka nakala hiyo miaka yote hii asimwambie mtu. Nikaipeleka dirishani. Kila mkwaruzo wangu ulikuwa umeshika wino, ukawa mstari wa mvua, mvua ya mwambao inayokuja kwa hasira, na bwana mwenye kofia amesimama ndani yake akionyesha kidole. Mvua ilikuwa inashuka kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Nikachukua soksi ya Baba, nikajaribu kusugua kioo cha dirisha, kwanza kwa mkono wa kulia. Ukaja mwendo ule ule hasa wa mvua. Nikajaribu kwa shoto, ukaja kinyume.

Mtu ni mtu. Kwa pumzi moja nilifurahi. Nikasema kumbe labda si mimi, labda Bibi aliamka baadaye akalisugua tena mwenyewe kwa mkono wake wa kulia, na miaka yote nimejitesa bure. Kisha nikakikumbuka kiazi. Kitu cha kuchapa husema kinyume. Karatasi hii iligeuza kila kitu, na kwenye bamba mikwaruzo ilikuwa ya mkono wa shoto mtupu. Na kama mimi nimeyajua hayo kwa soksi na kioo, je fundi wa nakshi aliyelishika bamba lenyewe mkononi, akaliinamisha kwenye mwanga, kisha akageuka kunitazama nimeshika penseli kwa shoto?

Nilimkuta sebuleni anakunja taulo. Nikamwekea picha mapajani.

"Baba, ni mimi niliyesugua."

Aliitazama. "Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile. Pale dirishani."

"Na hukusema!"

"Mamangu alisema ni yeye. Mimi ni nani nimwite mamangu mwongo, mbele ya mke wangu?"

"Kwa hiyo afadhali apelekwe Leicester?"

"Yeye ndiye aliyetaka." Alikuwa anazungumza na taulo. "Alinishika mkono akaniambia, 'Mtoto asipigiwe kelele kwa kazi niliyomfundisha mwenyewe.' Ningefanyaje, Zuhura? Ulikuwa mdogo."

Hapo nikapandwa na mori. Nilipiga kelele ambazo jirani wa pili alizisikia. Kwamba nani aliniuliza mimi? Kwamba Bibi alijua, yeye alijua, pengine Mama naye alijua, wote wakanizunguka na wema wao, nami nikabaki na kinywa wazi tangu miaka tisa. Wengine hunyimwa urithi, mimi nilinyimwa hata kosa langu. Kwamba laiti ningegombezwa siku ile ningelia, ningelala, ningeamka mtu mzima.

Baba alingoja nimalize. "Sasa unataka nini?"

"Nigombeze."

Alicheka. Alipoona sicheki akaacha. Akaweka taulo kando, akashika mkono wa kochi, akainuka taratibu mpaka akasimama wima, mzee wa miaka themanini na ushei aliyevaa soksi moja.

"Mtoto mpumbavu wewe!" akaanza, na sauti ilitoka ndogo, akaisafisha. "Nani alikutuma? Eh? Nani alikwambia ufungue kitambaa cha watu? Kitu hukijui, huulizi, unakivamia na mchanga! Unajua nilijifunza mashine ile kwa muda gani? Mbwa, Zuhura! Nimechonga mbwa mpaka nimestaafu!" Mate yalikuwa yanamtoka, kidole kiko juu. "Na ukaona mzee wa watu anajisingizia, ukanyamaza. Ukala na pilau! Ukamwacha mamangu mimi, na mikono ile, hata mfuko hawezi kuufunga..."

Kidole kikabaki juu, hakijui pa kwenda. Akaketi.

"Tukamwacha," akasema. "Tukamwacha akapanda basi peke yake."

"Naam, Baba," nikamwitikia.